Steringi wa Njia Panda ya Kawawa

Ukitoka Moshi mjini kuelekea Himo, konda akiita "Kawawa!" wanaoinuka kushuka ni watu wa Kirua Vunjo. Hapo tunaiacha barabara kuu na kuanza kupanda migombani kuelekea Nduoni. Nimeshuka hapo tangu utoto, mpenda picha wa kutupwa, na nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Rashidi Mfaume Kawawa, kabla ya siasa kumchukua, alikuwa steringi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa kijana mtumishi wa serikali ya kikoloni. Kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya watazamaji wa hapa hapa. Katika *Muhogo Mchungu* Kawawa aliigiza mtu wa shamba anayeingia mjini na kuangukia mikononi mwa wajanja. Akaonekana tena katika *Chalo Amerudi*. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu akakijenge chama, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi yake. Naamini wako wazee walioizoea sauti yake kwenye kitambaa cheupe kabla hawajaisikia jukwaani.

Nasema sauti kwa makusudi. Kwetu sisi picha haijawahi kukamilika mpaka ipate mtu wa kuisema kwa lugha yetu.

Hata wakoloni waliliona hilo mapema. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Leslie Notcutt na G. C. Latham walianza kupiga filamu za mafunzo kwa fedha za Carnegie Corporation: kodi, minyoo ya safura, akiba ya posta. Kwa miaka miwili walitoa filamu 35 hivi, mojawapo ikihusu kahawa chini ya kivuli cha migomba, kilimo ambacho kila mwenye kihamba huku anakijua. Maneno hayakuwamo kwenye filamu yenyewe. Yaliwekwa kwenye sahani za santuri, lugha kwa lugha, Kiswahili kikiwamo, na lori likazunguka nazo Afrika Mashariki hadi Nyasaland.

Sinema za mjini hazikuwa na sahani za namna hiyo. Moshi ilikuwa na Plaza, na nchi nzima ilipenda picha la Kihindi: *Awaara* ya Raj Kapoor ya 1951, kisha *Mother India* ya 1957. Watu walilia na kuimba bila kujua maana ya maneno. Mlima wetu nao ukapelekwa Hollywood. *The Snows of Kilimanjaro* ya 1952, kutoka hadithi ya Hemingway, ina Gregory Peck, ina theluji, lakini Mchagga hayumo. Nimeitazama mara tatu na kila mara inanichoma. *Hatari!* ya John Wayne, iliyopigwa kandokando ya Arusha na kutoka 1962, naipenda zaidi: wanyama wanakamatwa kweli mbele ya kamera, na jina lake ni letu.

Kirua yenyewe picha iliifikia kwa jenereta. Ndani ya kibanda umiza kulikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni ndogo juu ya meza, deki iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya kahawa inayoanikwa nje. Mikanda tuliyoigombania ni ile yenye sauti ya Lufufu. Mtu yule wa Dar es Salaam alizungumza juu ya sauti za waigizaji, akatafsiri, akaonya, akamwambia adui kifo chake kiko karibu. Wasomi wanaweza kuona anaharibu filamu. Mimi naona alikuwa msimulizi aliyekaa nasi kwenye benchi.

Jioni moja bibi yangu alikuja kunifuata, fimbo mkononi. Alisimama mlangoni akifungua kinywa kuniita, kisha akasikia Kiswahili. Fimbo ikashuka. Alibaki wima mpaka picha ikaisha, na njiani akaniuliza kama yule mama wa kwenye picha alimpata mwanawe.

Krismasi iliyopita, tulipopanda nyumbani kama ilivyo ada yetu, niliwaonyesha ndugu zangu *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji ya 2021 kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ilishinda tuzo ya Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Carthage mwaka 2022, lakini hilo sikulitaja. Ni Unguja ya miaka ya 1950, miaka ile ile ya *Muhogo Mchungu*: Denge anapigania uhuru, Yasmin ametoroka ndoa ya mzee. Baba mdogo, aliyekulia kwenye mikanda ya Lufufu, alisikiliza kidogo, akaniinamia.

"Huyu anayetafsiri ni nani?"

"Hakuna, baba mdogo. Wanasema wenyewe."

Akavuta kigoda chake mbele.