CHIKUNGUNYA, LULINDI NA MAANA YA NENO "HURIA"

Utangulizi

Ni maneno machache mno ya kusini mwa Tanzania yaliyopata kusafiri mbali kama lilivyosafiri neno chikungunya. Neno hili la Kimakonde hutamkwa leo na madaktari wa India, Brazil, Italia na Komoro, wala hapana lugha iliyotakiwa kulipa ada yoyote ili ilitumie. Lakini maandishi ya kwanza ya kitaalamu yaliyolitangaza neno hilo duniani yana historia nyingine. Kwa miaka mingi maandishi hayo yamekuwa karibu na yule awezaye kulipa, na mbali na mwalimu wa Newala au mganga wa zahanati ya Masasi.

Makala haya yanakusudia kueleza kisa hicho kwa ufupi, kisha kukitumia kupimia istilahi ambayo watafsiri wetu wanaihitaji sasa, yaani jina la Kiswahili la ule utaratibu wa kuchapisha utafiti ili kila mtu ausome na kuutumia bila kizuizi cha malipo. Istilahi, kama ijulikanavyo, haichaguliwi vyema mpaka jambo lenyewe liwe limefahamika.

Ugonjwa na jina lake

Lulindi imo katika Wilaya ya Masasi, upande wa kuelekea uwanda wa juu wa Makonde. Ilikuwa mojawapo ya vituo vya misheni ya Waanglikana ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA, ambayo iliingia Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watu waliokombolewa utumwani. Hospitali ya misheni ilijengwa Lulindi, na humo alifanya kazi Dakta Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980.

Mnamo mwaka 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa wa ajabu katika sehemu za Newala, Masasi na jirani zake katika lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Homa ilimshika mtu ghafla, na viungo vikamwuma hata akapinda mwili asiweze kunyooka. Homa ilipokwisha, maumivu ya viungo yaliweza kuendelea kwa muda mrefu. Watu wa uwandani hawakungoja mtaalamu wa kuwapa jina la ugonjwa huo. Waliutazama mwili wa mgonjwa ulivyofanya, wakauita chikungunya, yaani kile kinachopinda au kinachokunja.

Kwa msomaji wa jarida hili umbo la neno lenyewe linatosha kuonyesha asili yake. Katika Kimakonde kiambishi chi- hufanya kazi ile ile ya ki- katika Kiswahili. Wenyewe huiita lugha yao Chimakonde, nasi tukasema Kimakonde. Pamoja na hayo, maandishi mengi ya kigeni yamedai kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Kosa hilo si dogo, kwa maana linawanyang'anya Wamakonde kitu walichokitunga wao wenyewe na kutupa sisi sifa tusiyoistahili. Mtafsiri anapokutana na dai hilo, hapana budi alisahihishe.

Tena huu si mfano wa kwanza wa neno la pwani yetu kuingia katika vitabu vya tiba. Mwaka 1872 Dakta James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, alichapisha Uingereza maelezo ya ugonjwa ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Leo kidingapopo ni jina la homa ya dengue, lakini mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alitoa hoja kwamba maradhi aliyoyaeleza Christie yanafanana zaidi na chikungunya. Ikiwa ndivyo, basi ugonjwa mmoja ulipata majina mawili katika nchi moja, na hayo mawili yote yalitungwa na wagonjwa.

Makala manne

Dakta Marion Robinson, wa hospitali ya Lulindi, ndiye aliyeandika dalili za ugonjwa huo kwa mara ya kwanza. Maelezo yake yalichapishwa London mwaka 1955, kwa kurasa 5 tu, katika jarida la Chama cha Kifalme cha Utabibu wa Nchi za Joto. Nyuma yake, katika toleo lile lile, yalifuata maelezo marefu zaidi ya W. H. R. Lumsden, mtafiti kutoka kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, Uganda. Huyu alichunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Uwandani maji ni ya shida. Yalichotwa mabondeni na kuwekwa majumbani katika vyungu, na humo ndimo mbu aina ya Aedes aegypti alimozaliana. Mwaka 1956 R. W. Ross alichapisha makala ya tatu katika jarida la elimu ya afya la Cambridge, akieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Makala ya nne, mafupi, yaliandikwa na Mason na Haddow katika jarida la London mwaka 1957.

Na tujiulize: katika kazi hiyo nani alitoa nini? Madaktari na watafiti walitoa elimu na jasho lao, na haki yao haikanushiki. Watu wa uwandani walitoa damu yao, maelezo yao, milango ya nyumba zao na neno lao. Lakini matokeo yalikwenda kukaa katika majarida yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni na maktaba chache. Hapana aliyewadhulumu kwa kukusudia. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa uchapishaji, wala wakati ule hapakuwa na njia nyingine iliyo rahisi. Karatasi, wino na stempu vilikuwa na gharama.

Baadaye ilikuja intaneti, na gharama ya kufikisha nakala moja zaidi kwa msomaji ikapungua hata ikawa karibu na si kitu. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza kwa nini bei haikupungua nayo. Leo makala ya Ross yanasomwa bila malipo katika maktaba ya tiba ya serikali ya Marekani iliyomo katika intaneti. Yale ya Robinson na Lumsden bado yanauzwa na mchapishaji kwa mtu asiye na taasisi ya kumlipia. Hivyo habari ya ugonjwa mmoja, wa mahali pamoja, imegawanyika kwa ukuta.

Mjadala wa dunia

Mnamo Februari 2002 wataalamu waliokutana Budapest walitoa tamko la kutaka utafiti wa kisayansi upatikane kwa watu wote katika intaneti. Tamko la namna hiyo lilifuata Berlin, Oktoba 2003. Mambo mawili yalitiwa mkazo: kwanza, kusoma bila malipo, pili, ruhusa ya kunakili, kusambaza na kutumia maandishi, mradi mwandishi atajwe. Mwezi Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo juu ya sayansi huria lililochukua mkondo huo huo.

Kwamba jambo hili ni la uhai na kifo lilionekana Liberia. Mwaka 2015, baada ya janga la Ebola, wakuu wa afya wa nchi hiyo walieleza katika gazeti la Marekani kwamba watafiti wa Ulaya walikwisha kuandika mwaka 1982 kuwa Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye kirusi cha Ebola. Onyo hilo halikufika kwa waliohusika. Hapakuwa na Mliberia miongoni mwa waandishi, na kuyapata makala ya namna hiyo kulimgharimu daktari wa huko dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Wanaopinga wana hoja zao, nazo zinastahili kusikilizwa. Jarida huhitaji mhariri, msahihishaji na mtunza kumbukumbu, na hao hawali hewa. Asipolipa msomaji, lazima alipe mwingine. Majarida mengi yamehamishia mzigo huo kwa mwandishi: jarida la PLoS Biology lilipoanza mwaka 2003 lilimtoza dola 1,500, na mwaka 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Kwa mtafiti wa Mtwara au Dodoma huo ni ukuta mwingine, uliojengwa mbele ya mlango wa kuandika badala ya mlango wa kusoma. Ni kweli kwamba majarida kadhaa huwasamehe ada watafiti wa nchi maskini. Lakini kusamehewa ni kuomba. Aidha wamezuka walaghai wanaopokea ada na kuchapisha lolote bila kulipima.

Vilevile hatuna budi kutaja mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, ambao umewezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida mengi bila malipo au kwa malipo madogo. Mpango huu umesaidia sana. Hata hivyo unahudumia taasisi zilizosajiliwa, nao ni hisani. Mwaka 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao kwa wasomaji wa Bangladesh, wakayarudisha baada ya malalamiko. Kilichotolewa kwa hisani huweza kuchukuliwa.

Bure, wazi au huria?

Sasa tuje kwenye istilahi. Maneno matatu hugombea nafasi hii katika maandishi ya watafsiri wetu: bure, wazi na huria.

Neno bure lina upungufu wa namna mbili. Kwanza, katika Kiswahili lina maana ya kutolipa na pia maana ya kutofaa kitu, kama tusemapo mtu amesumbuka bure. Pili, na hili ni zito zaidi, linataja bei tu. Makala ya Ross ya mwaka 1956 tunayasoma bure. Lakini kusomwa bure hakumpi mtafsiri ruhusa ya kuyageuza Kiswahili na kuyachapisha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kutafsiri ni haki ya mwenye kazi, na anayetaka kutafsiri hana budi kuiomba. Nyongeza ya Mkataba wa Berne iliyokubaliwa Paris mwaka 1971 iliweka njia ya nchi zinazoendelea kupata leseni ya kutafsiri kwa ajili ya mafunzo na utafiti, lakini masharti yake ni mengi, na nchi zilizoitumia ni chache.

Neno wazi lafaa kwa mlango na kwa mkutano, ila halisemi lolote juu ya kinachoruhusiwa baada ya kuingia. Duka liko wazi, na bado bidhaa ni za mwenye duka.

Neno huria lina wasaa zaidi. Limekwisha kuzoeleka katika soko huria, katika programu huria za kompyuta, na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992. Ndani yake mna maana ya kutozuiliwa katika kutenda. Makala yanayotolewa kwa leseni ya kuruhusu matumizi, kama yale ya jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases lililoanza mwaka 2007, mtu aweza kuyasoma, kuyanakili, kuyatafsiri kwa Kiswahili na kuyagawa kwa wauguzi wa Newala bila kuandika barua ya kuomba. Hayo ndiyo ya huria. Kwa hiyo tunapendekeza ufikiaji huria kwa utaratibu kamili wenye haki zote mbili, na usomaji wa bure kwa ule unaoondoa bei peke yake. Mtumishi wa serikali anayetafsiri mkataba wa utafiti akichanganya mawili haya atakuwa ameiuza haki moja asijue.

Hitimisho

Hata hivyo istilahi haitamaliza kazi. Makala yote manne yakifunguliwa kesho asubuhi, yatakuwa yamefunguliwa kwa Kiingereza. Mzee wa Newala aliyeugua mwaka 1953, au mjukuu wake, atakuwa ameruhusiwa kuingia katika nyumba asiyoweza kuona ndani yake. Ufikiaji huria ni haki ambayo mtafsiri ndiye anayeitimiza.

Kwa sababu hiyo tunatoa mapendekezo mawili kwa wenzetu. La kwanza, kila utafiti unaofanywa kwa wananchi wa Tanzania uwe na muhtasari wa Kiswahili unaochapishwa pamoja nao, na sharti hilo liandikwe katika kibali cha utafiti. La pili, watafsiri wanapopewa maandishi ya sayansi waulize kwanza leseni yake ni ipi, na jibu liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa tafsiri, ili atakayeipokea ajue kama anaweza kuinakili na kuigawa.

Wamakonde walilitoa neno lao bila masharti, na dunia ikalitumia. Robinson aliandika kurasa 5. Si kazi kubwa kwa mtafsiri mmoja kuzileta kwa Kiswahili, akiruhusiwa, na zikasomwa Lulindi.