Sista, Nilikosa Wapi?

Leo naanza na swali ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini, wakati wengine wameshatoka chumbani: "Sista, nilikosa wapi?" Anayeuliza huwa amempakata mtoto wa miaka 3 au 4 ambaye hasemi, haitiki akiitwa jina lake, hamtazami mtu usoni, na hucheza peke yake na kitu kimoja kutwa nzima. Nyumbani ameshaambiwa ni nyuni, ni laana, au ni mwenendo wake alipokuwa mja mzito. Swali hilo lina historia, na aibu ni kwamba sisi watu wa afya tuliwahi kuliweka vitabuni.

Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Maandishi hayo ndiyo yaliyoifanya hali tunayoiita usonji ijulikane na madaktari. Mtoto wa kwanza katika orodha yake aliitwa Donald Triplett, wa jimbo la Mississippi. Kabla daktari hajamwona, baba yake alimwandikia barua ya kurasa 33: mtoto anakula vipi, anasema nini, anapenda kuzungusha vitu gani. Mengi ambayo daktari aliyajua mwanzoni yalitoka kwa mzazi. Donald alikua, akafanya kazi benki, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Lakini Kanner aliandika pia kwamba wengi wa wazazi wale hawakuwa wachangamfu kwa watoto wao, na hapo kesi ikaanza. Kwa miaka mingi mama alisemwa kuwa baridi kama friji. Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na watoto wengine wakatengwa na wazazi wao ati ndiyo tiba. Fikiria mama anayeambiwa hivyo na daktari.

Tayari mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa ameandika kwamba chanzo kiko katika mwili wenyewe, si malezi. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaondolea lawama. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, 4 walikuwa na usonji wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Kama ingekuwa ni ubaridi wa mama, tofauti hiyo ingetoka wapi?

Huku kwetu hatukuvisoma vitabu hivyo, ila lawama ilikuwepo, imevaa nguo nyingine. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha mazungumzo yao na watu 103 wa pwani ya Kenya, wakiwemo wazazi, walimu wa elimu maalumu na wahudumu wa afya. Walitajiwa pepo, uchawi na laana, pamoja na shida wakati wa kujifungua na maambukizi.

Watafiti hao ni wa Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome kimekuwepo tangu 1989. Huko ndiko watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9 walipimwa kwa Maswali Kumi, njia iliyokuwa imejaribiwa Bangladesh, Jamaika na Pakistani. Anayeulizwa ni mzazi: Je, alichelewa kukaa au kutembea? Anasikia? Anaelewa unachomwambia? Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba katika kila watoto 1,000, 61 walikuwa na ulemavu wa wastani au mkubwa unaotokana na ubongo au mishipa ya fahamu, kifafa kikiongoza. Mama aliyekuwa mshtakiwa sasa ndiye shahidi wa kwanza.

Huduma nazo zimekuja polepole. Vituo vya kutathmini watoto, vile mnavyoviita EARC, vilianza mwaka 1984, na chuo cha walimu wa elimu maalumu, KISE, mwaka 1986. Chama cha usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi wenyewe mwaka 2003.

Mimi pia nina deni. Nilipotoka chuoni nilimwambia mama mmoja asubiri, wavulana huchelewa kusema. Alisubiri miaka 2. Yeye alikuwa ameona, mimi sikumsikiliza.

Kwa hivyo mama, baba, nyanya: kama mtoto wa mwaka 1 haitiki jina lake, kama wa miaka 2 haunganishi maneno mawili, au kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje. Andika unayoyaona kwenye daftari, hata yakijaza kurasa, uje nayo pamoja na kijitabu cha kliniki. Omba masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia pia hasemi. Na muuguzi akikuambia ungoje tu, mwulize EARC ya karibu iko wapi.