Mwerezi wa Lebanoni: mti wa Mungu, mbao za wafalme

Mkristo wa Afrika Mashariki huujua mwerezi kabla hajauona, na wengi hufa hawajauona. Huusikia katika Zaburi ya 92, ambako mwenye haki anafananishwa na mtende na mwerezi, kisha huusikia tena harusini, msibani na siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa. Watu wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania hudhani ndio ule mtarakwa wanaochongea nguzo za ua. Mtarakwa ni mti wa thamani, unanukia na haushambuliwi na mchwa kwa urahisi, lakini ukoo wake ni mwingine. Mwerezi wa Lebanoni ni jamaa ya msonobari. Huota milimani panapoanguka theluji, hufikia mita 30 na zaidi, na ukizeeka hutandaza matawi yake ubapa, tabaka juu ya tabaka.

Mahubiri kuhusu miti ya Biblia mara nyingi hukimbilia maana: mzeituni ni amani, mtini ni Israeli, mwerezi ni utukufu. Sipingi. Ila waandishi wa Biblia hawakuokota alama hizo hewani. Waliishi jirani na biashara kubwa ya mbao, wakajua nani alikata, nani alivuta na nani alilipa. Tukiyafuata magogo hayo kutoka mlimani hadi ikulu, tutaelewa kwa nini mti uleule unasifiwa na mtunga zaburi na kuangushwa na nabii.

Biashara hiyo ilikuwa kongwe hata kabla ya Sulemani. Bonde la Naili lina migunga na mikuyu, ambayo mbao zake ni fupi na zimepinda. Huwezi kupata humo boriti ya hekalu. Kwa hiyo Mafarao walitazama kaskazini, kwenye bandari ya Byblos, ile ambayo Biblia inaiita Gebali. Maandishi ya Jiwe la Palermo yanataja merikebu 40 zilizoleta magogo enzi za Farao Sneferu, yapata mwaka 2600 KK. Mwaka 1954, kando ya Piramidi Kuu ya Giza, kiligunduliwa chombo cha mwanawe, Farao Khufu, kikiwa kimefumuliwa vipande 1,224. Kilipounganishwa upya kilikuwa na urefu wa mita 43, karibu chote mwerezi, na mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba zilizopitishwa matunduni. Fundi wa mtepe wa Lamu angeielewa kazi ile bila kuelezwa.

Simulizi linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mti huu ulivyouzwa ni la Wenamuni, afisa wa hekalu la Amuni kule Thebes, aliyetumwa mnamo mwaka 1075 KK kununua magogo ya kuundia mashua ya mungu wake. Limeandikwa kwenye mafunjo ambayo Mrusi Vladimir Golenishchev aliyanunua Cairo mwaka 1891. Wenamuni aliibiwa fedha njiani. Alipofika Byblos, mtawala Zakar-Baali alimtumia ujumbe ule ule kila siku kwa siku 29: ondoka bandarini kwangu. Hatimaye alipomwita, alileta vitabu vya hesabu vya baba zake, vikasomwa mbele ya mgeni, ili ajue kwamba Mafarao wa zamani walikuwa wakilipa. Misri ikatuma dhahabu, fedha, kitani, ngozi za ng'ombe 500, kamba 500, hata dengu na samaki. Ndipo wanaume 300 na maksai 300 wakapelekwa msituni. Miti ikaangushwa, ikalala huko majira yote ya baridi, na kiangazi kilipofika ikaburutwa hadi pwani. Wataalamu wanabishana kama hii ni ripoti ya kweli au hadithi iliyosukwa kwa ustadi, lakini aliyeiandika aliijua biashara ile vizuri.

Ndani ya soko hilo ndimo alimoingia Sulemani. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, kuanzia sura ya 5, kinaandika mkataba wake na Hiramu mfalme wa Tiro kwa umakini wa karani. Watu wa Hiramu watashusha mierezi na miberoshi hadi baharini, waifunge iwe vyelezo, waikokote kwa maji. Mambo ya Nyakati inaongeza kwamba ilifikishwa Yafa, ikapandishwa Yerusalemu. Njia hiyo ni kama kilomita 60, na sehemu yake ya mwisho ni mlima mtupu. Malipo kwa nyumba ya Hiramu ni kori 20,000 za ngano na kori 20 za mafuta safi, mwaka baada ya mwaka. Chakula hicho kilitoka mashambani mwa Waisraeli.

Nguvu kazi nayo ilitoka kwao. Sulemani alitoza shokoa ya watu 30,000, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi: mwezi mmoja milimani, miezi miwili nyumbani. Msimamizi wao aliitwa Adoniramu. Jina hilo tulishike.

Hekalu likafunikwa mbao za mwerezi ndani pote, hata jiwe lisionekane. Kazi ilichukua miaka saba. Kisha mfalme akajijengea nyumba yake mwenyewe, na hiyo ikachukua miaka 13. Mojawapo ya majengo yake lilikuwa na nguzo nyingi za mwerezi kiasi cha kuitwa Nyumba ya Mwitu wa Lebanoni: dhiraa 100 kwa urefu, 50 kwa upana. Hekalu la Mungu lilikuwa dhiraa 60 kwa 20. Mwandishi anatoa vipimo vyote viwili bila neno la lawama, na mimi naamini alitaka msomaji apige hesabu mwenyewe.

Bili ilifika. Baada ya miaka 20 ya ujenzi, Sulemani alimpa Hiramu miji 20 ya Galilaya kwa ajili ya mierezi, miberoshi na dhahabu. Hiramu akaenda kuiangalia, isimpendeze. Sulemani alipokufa, makabila ya kaskazini yalimwomba mwanawe Rehoboamu apunguze mzigo, naye akajibu kwa ukali. Akamtuma kwao mkuu wa shokoa, anayeitwa hapo Adoramu, jina ambalo wafasiri wengi wanaona ni la mtu yuleyule. Waisraeli wakampiga mawe hadi akafa, na ufalme ukagawanyika usiunganike tena. Anayehubiri mierezi ya Sulemani bila kumtaja mtu huyu amesoma nusu ya habari.

Manabii waliisoma yote. Karne tatu baadaye, Yeremia, katika sura ya 22, alimkabili mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa akijijengea nyumba pana yenye madirisha makubwa, iliyotandikwa mierezi na kupakwa rangi nyekundu, huku wafanyakazi wake hawalipwi ujira. Yeremia anamuuliza kama ufalme ni kushindana kwa mierezi. Anamkumbusha kwamba baba yake, Yosia, alikula na kunywa kama watu wengine, na bado akawatendea maskini haki. Sijui swali lingine katika maandiko linalomwingia kiongozi moja kwa moja hivyo, na linatokana na mbao za ukutani kwake.

Kwa Isaya na Ezekieli mwerezi unakuwa dola nzima. Isaya, sura ya 2, anatangaza siku ya Bwana juu ya mierezi yote mirefu ya Lebanoni. Ezekieli 31 inaichora Ashuru kama mwerezi ambao ndege wote wanajenga matawini na mataifa yanakaa kivulini, kisha unakatwa na kubwagwa mabondeni. Wasikilizaji wao hawakuhitaji ufafanuzi. Wafalme wa Ashuru walikuwa wakijisifu hadharani kwa kukata mierezi, na Wafalme wa Pili sura ya 19 inamnukuu Senakeribu akijigamba hivyo. Ukutani mwa kasri la Sargoni wa Pili palichongwa mashua zikibeba magogo na kuyavuta nyuma yake. Mawe hayo leo yapo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Kuna mahali pamoja ambapo Biblia na jiwe zinajibizana waziwazi. Katika Isaya 14, mfalme wa Babeli anapoanguka, mierezi ya Lebanoni inafurahi: tangu ulipolala chini, hakuna anayepanda kuja kutukata. Na huko Lebanon yenyewe, katika bonde la Wadi Brisa, Nebukadreza wa Pili aliacha maandishi yaliyochongwa mwambani, akieleza kwa fahari jinsi alivyopasua njia milimani na kuishusha mierezi kwa mikono yake mwenyewe. Ni jambo zito kwamba upande mmoja tunasoma sauti ya mkataji, na upande wa pili nabii ameipa sauti miti.

Hata Mesopotamia yenyewe palikuwa na aliyeona uharibifu. Katika utenzi wa Gilgamesh, mfalme huyo na rafiki yake Enkidu wanaingia msitu wa mierezi na kuufyeka. Kipande cha kigae kilichonunuliwa na jumba la makumbusho la Sulaymaniyah, Iraq, mwaka 2011 kilirudisha mistari iliyopotea, ambamo Enkidu anakiri kwamba wameugeuza msitu kuwa nyika.

Kwa hiyo ninavyousoma mwerezi wa Biblia ni hivi: uliosimama ni wa Mungu, uliokatwa unamsema mfalme. Zaburi ya 104 inasema mierezi ya Lebanoni ilipandwa na Bwana mwenyewe. Ezekieli 17 inamwona Mungu akichukua kitawi kichanga cha kileleni na kukipanda mlimani ili ndege wapate kivuli. Na Walawi 14, sura ambayo wengi huiruka, inaagiza kipande cha mwerezi kitumike pamoja na hisopo katika kumtakasa aliyepona ukoma. Mti wa ikulu na kimea kiotacho ukutani vinashikwa pamoja kwa ajili ya mtu aliyekuwa amefukuzwa kambini. Kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambazo mwerezi ulipewa.

Ukataji haukuisha na Babeli. Waliorudi kutoka uhamishoni waliagiza tena mierezi kupitia Yafa, kwa ruhusa ya Koreshi. Warumi walifuata, na kaisari Hadriano, aliyetawala kati ya mwaka 117 na 138, aliamuru mipaka ya misitu ichongwe mawe. Maandishi kama 200 yamepatikana milimani, yakieleza kwamba aina nne za miti ni mali ya kaisari. Alitaka mbao, si kivuli, lakini amri hiyo ni kati ya hifadhi za misitu za kale zaidi tunazozifahamu.

Mnamo miaka ya 1570, tabibu Mjerumani Leonhard Rauwolf alifika kwenye kichaka maarufu karibu na Bsharri, akahesabu miti mikongwe 24 tu. Kichaka hicho Waarabu hukiita Arz el-Rab, mierezi ya Bwana. Wakristo wa Kimaroni walikuwa wakikilinda kama mahali patakatifu, na katika karne ya 19 wakajenga kanisa dogo katikati yake. Adui aliyebaki alikuwa mbuzi, anayekula mche kabla haujafika magotini. Mwaka 1876 ukajengwa ukuta wa mawe kukizunguka, gharama ikatolewa na Malkia Victoria wa Uingereza. Bendera ya sasa ya Lebanon, yenye mwerezi katikati, ilipitishwa mwaka 1943, na mwaka 1998 UNESCO ikakiingiza kichaka hicho, pamoja na Bonde la Qadisha, katika Urithi wa Dunia.

Sasa tatizo ni joto. Mbegu ya mwerezi huhitaji baridi na unyevu wa theluji ili iote vizuri, na theluji ya Lebanon inapungua. Miti ya miinuko ya chini inadhoofika, ile ya juu inakaribia kilele, na mlima ukiisha hakuna pa kupandia. Katika hifadhi ya Shouf, iliyoanzishwa mwaka 1996, miche inaoteshwa na kupandwa juu zaidi ya ilikoota zamani. Mche mmoja huchukua yapata miaka 40 kabla ya kuzaa mbegu, na wengi wa wanaoupanda wanajua hawatakuwapo kuziokota.