Nukta Isiyo na Jina

Tarehe 21 Novemba 1973, juu ya bahari karibu na Point Mugu, California, ndege moja ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ilifyatua makombora 6 ndani ya sekunde 38. Kila kombora lilikuwa na shabaha yake: ndege 6 zisizo na rubani, zikiwa mbali kiasi ambacho jicho la binadamu lisingeziona. Makombora 4 yalipiga. Ndege iliyofyatua ilikuwa F-14 Tomcat, na wapenzi wa ndege za kivita husimulia siku hiyo hadi leo.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na utafiti wangu unahusu vita baridi kwenye Bahari ya Hindi, kwa hiyo nimekutana na simulizi hii mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kinachonivuta ni jambo ambalo wasimulizi hulipita. Siku ile kila mtu alijua shabaha zilikuwa nini. Zilirushwa na wenyewe, kwa ajili ya kupigwa. Swali la “yule ni nani?” halikuulizwa, na ndilo lililoisumbua ndege hii maisha yake yote.

Tuanze na hofu iliyoizaa. Oktoba 1967 boti za Misri zilizamisha manowari ya Israeli iitwayo Eilat kwa makombora ya Kisovieti, zikiwa mbali na mizinga yake. Kila jeshi la majini duniani lilielewa. Wasovieti walikuwa pia na ndege kubwa za mabomu zilizoweza kurusha makombora dhidi ya meli kutoka umbali wa mamia ya kilomita. Manowari kubwa inayobeba ndege, yenye maelfu ya mabaharia, ingeweza kuzamishwa na adui ambaye hajaonekana hata na mlinzi wa juu kabisa. Jibu la Wamarekani lilikuwa kumwahi mrushaji kabla hajarusha. Walijaribu kwanza na F-111B, ndege iliyogeuka kuwa nzito mno kwa kazi ya melini, ikafutwa mwaka 1968. Rada na kombora lake vikahamishiwa kwenye ndege mpya. Tomcat, kwa maneno mengine, ilijengwa kuizunguka silaha iliyokuwapo tayari.

Rada hiyo iliitwa AWG-9, kazi ya kampuni ya Hughes. Iliweza kufuatilia shabaha 24 kwa wakati mmoja na kuongoza makombora kuelekea 6 kati ya hizo. Ndege kubwa iliionea zaidi ya kilomita 160. Siri yake ilikuwa mwendo. King'ora cha gari la wagonjwa husikika kwa sauti nyembamba likija kwako, kisha sauti ikawa nzito likikupita. Mawimbi ya rada hubadilika vivyo hivyo yanaporudi kutoka kwa kitu kinachosogea. AWG-9 ilitumia mabadiliko hayo kutenganisha ndege inayoruka chini na bahari iliyo nyuma yake, jambo lililozishinda rada nyingi za zamani. Lakini hapo hapo palikuwa na udhaifu. Rubani wa adui aliyegeuza ndege yake ubavu, akawa hasogei kuja wala kwenda kwa macho ya rada, aliweza kuchanganyika na bahari na kupotea.

Kombora lake kuu lilikuwa Phoenix: urefu wa mita 4, uzito wa karibu kilo 450, na bei, katikati ya miaka ya 1970, iliyokaribia nusu milioni ya dola. Iombe radhi akili yako kabla ya kufikiria njia yake. Likishaachiwa lilipanda hadi kwenye hewa nyembamba, zaidi ya mara mbili ya kimo cha ndege za abiria, likasafiri huko kwa kasi inayokaribia mara 5 ya sauti huku rada ya ndege mama ikilipa habari za shabaha, kisha likashuka, na mwishoni likawasha rada yake dogo na kujitafutia lenyewe. Liliweza kufika zaidi ya kilomita 180. Tomcat ilibeba mpaka 6, ila ikirudi nazo zote ilikuwa nzito kupita kiasi cha kutua salama melini. Kwa kawaida ilipewa 2 au 4. Sijui jeshi jingine lililokuwa na silaha ambayo ukishaipakia yote ni afadhali uitumie kuliko kuirudisha.

Chini ya Phoenix palikuwa na ngazi ya silaha za karibu zaidi. Sparrow, ambayo haina rada yake, ilihitaji ndege mama iendelee kummulika adui hadi kombora lifike. Sidewinder ilifuata joto. Na mwisho kabisa mzinga wa milimita 20 wenye mitutu 6 na risasi 675 hivi. Nyuma ya rubani alikaa afisa wa pili, kazi yake kuu rada. Kwenye kioo chake ulimwengu wote wa nje ulikuwa alama na nukta.

Nukta haina jina. Wanamaji wa Marekani walilijua hilo kutoka Vietnam. Huko ndege zao za F-4 Phantom ziliingia vitani na Sparrow na bila mzinga, kwa imani kwamba mapigano ya kuonana yamekwisha. Kumbe anga ilijaa ndege za wenzao wenyewe, na marubani mara nyingi walitakiwa wamwone adui kwa macho kabla ya kufyatua. Kombora la mbali likawa la karibu, na karibu lilikuwa na matokeo mabovu. Ripoti ya Kapteni Frank Ault, ya mwanzoni mwa mwaka 1969, ilichambua kasoro hizo, na kutoka kwake ikazaliwa shule ya Miramar ambayo baadaye Hollywood iliitengenezea sinema. Ndiyo maana Tomcat ilirudishiwa mzinga. Na ndiyo maana, miaka ya 1980, chini ya pua ya ndege yenye rada kubwa, walifunga kamera ya televisheni yenye lenzi ya kuvuta mbali. Rada ilisema kuna kitu. Kamera ilijaribu kusema ni kitu gani. Napenda hicho kipande cha historia kuliko jaribio la Point Mugu. Ni unyenyekevu uliofungwa kwa bolti.

Matumizi yenyewe yanathibitisha. Agosti 1981, juu ya Ghuba ya Sidra, Tomcat mbili ziliangusha ndege mbili za Libya, zote kwa Sidewinder. Januari 1989, huko huko, mbili nyingine ziliangushwa kwa Sparrow na Sidewinder baada ya Sparrow za kwanza kukosa. Katika vita vya Ghuba vya 1991 ushindi pekee wa angani wa Tomcat za Marekani ulikuwa helikopta. Phoenix ilifyatuliwa na Wamarekani dhidi ya ndege za Iraki mwaka 1999, na haikupiga hata moja.

Walioitumia kweli walikuwa Wairani. Shah aliagiza Tomcat 80, na 79 zilifika kabla mapinduzi ya 1979 hayajamwondoa. Miezi 20 baada ya Khomeini kurejea, vita na Iraki vilianza, na ndege iliyoundwa kulinda manowari za Marekani ikawa inalinda anga la serikali inayoilaani Marekani kila Ijumaa. Kwa Wamarekani walioingiza meli zao Ghuba, F-14 sasa ilikuwa jina la adui. Na meli hizo hazikuwa mbali na sisi: mwaka 1980 Kenya, Somalia na Oman ziliafikiana na Washington kuruhusu majeshi yake kutumia bandari na viwanja vyao, Mombasa ikiwamo.

Mei 1987 ndege ya Iraki iliipiga manowari ya USS Stark kwa makombora 2, mabaharia 37 wakafa. Lawama zikaangukia waliochelewa kujilinda. Kila nahodha aliyeingia Ghuba baada ya hapo aliingia na somo hilo kichwani.

Tarehe 3 Julai 1988, saa 4:17 asubuhi kwa saa za Iran, Airbus ya Iran Air, safari namba 655, iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Ni safari ya nusu saa hivi. Uwanja wa Bandar Abbas ulitumiwa na raia na jeshi, na F-14 zilikuwapo pale. Kwenye maji manowari ya USS Vincennes, yenye Aegis, mfumo wa rada na kompyuta uliokuwa bora kuliko wote baharini, ilikuwa ikirushiana risasi na boti za Iran. Nukta ikatokea. Mtu mmoja akasoma mawimbi ya utambulisho yanayohusishwa na F-14. Uchunguzi wa jeshi ulieleza kuwa huenda kifaa chake kilikuwa bado kimeelekezwa Bandar Abbas na kikasoma ndege nyingine iliyokuwa chini. Jina likatamkwa. Likishatamkwa, halikufutika. Wengine walisema ndege inashuka kuelekea kwao kama ya kushambulia, wakati takwimu zilizorekodiwa na mitambo yao wenyewe zilionyesha inapanda, ikitoa utambulisho wa kiraia, ndani ya njia ya ndege za abiria. Maonyo yalitumwa mara 10, mara 7 kati ya hizo kwenye masafa ya kijeshi ambayo Airbus haina redio ya kuyasikia. Kwenye manowari ya jirani, USS Sides, nahodha aliitazama nukta ile ile akaona haina tishio.

Saa 4:24 Vincennes ilirusha makombora 2. Watu 290 walikufa, watoto 66 miongoni mwao.

Nimeisoma ripoti ya uchunguzi zaidi ya mara moja, na kila mara nasimama kwenye dakika zile 7. Mitambo haikudanganya. Ilitoa kimo, kasi, mwelekeo, vyote sahihi. Uongo ulikuwa katika neno moja la watu wenye hofu, na neno hilo lilikuwa na uzito kwa sababu Wamarekani wenyewe waliijua ndege hiyo: waliiunda, waliiuza, waliiogopa. Tena F-14 ya wakati ule ilikuwa mwindaji wa ndege. Kuzamisha meli haikuwa kazi yake. Hata ingekuwa kweli ni yenyewe, palikuwa na sababu ya kuuliza tena.

Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 61.8 kwa familia za wahanga wa Kiirani, bila kukiri kosa kisheria: dola laki 3 kwa kila marehemu aliyekuwa na kipato, laki 1 na nusu kwa asiye nacho. Phoenix moja ilikuwa na bei kubwa zaidi.

Tomcat yenyewe ilimalizia maisha kwa kazi ambayo haikuundiwa. Wasovieti walipoondoka, katikati ya miaka ya 1990 ilifungwa LANTIRN, kifaa chenye kamera ya joto na leza, ikawa ndege ya mabomu juu ya Iraki, Kosovo na Afghanistan. Afisa wa nyuma sasa alitazama nyumba na magari mahali pa nukta. Karibu na mwisho wake, Iraki, picha hizo zilitumwa moja kwa moja kwa askari walioko ardhini, ili mtu aliye karibu aseme kama kile kinachoonekana ndicho kweli.

Mwaka 2006 Marekani iliistaafisha. Nyingi zilikatwakatwa kwa mashine, na sheria ya 2008 ikapiga marufuku kuuza vipuri vyake, kwa hofu kwamba vingefika Tehran. Za Iran ziliendelea kuruka.