Haki na siri za mgonjwa katika kliniki (Kenya)

Haki na siri za mgonjwa katika kliniki ni yale ambayo sheria za Kenya na maadili ya udaktari humpa mtu anayekwenda kutibiwa: kupokewa kwa heshima, kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, kukubali au kukataa matibabu, na kutunziwa siri ya ugonjwa wake. Haki hizo ni zilezile katika hospitali kubwa ya rufaa na katika kliniki ya vyumba viwili iliyo juu ya duka mtaani. Makala hii inahusu zaidi hiyo ya mtaani. Huko ndiko wengi huanzia, na huko mgonjwa, karani na anayesubiri benchini huenda wanajuana kwa majina.

Katiba ya 2010 ndiyo msingi. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu, na cha 43 kinampa haki ya afya na kukataza asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ilieleza mambo hayo kwa kina zaidi. Kituo kinachomkataa mgonjwa wa dharura kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3, na huduma ya dharura ni pamoja na kumwimarisha mgonjwa na kumpangia rufaa. Kwa hiyo kliniki isiyo na kitanda hata kimoja haiwezi kumfungia mlango mtu anayevuja damu kwa kisingizio cha kukosa vifaa. Inatakiwa ifanye inachoweza, kisha imfikishe panapofaa.

Wajibu wa kutunza siri ni wa kale kuliko sheria hizi zote. Tamko la Geneva, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948 na kurekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari aitunze siri ya mgonjwa hata baada ya mgonjwa huyo kufa. Sheria ya 2017 inaruhusu siri itolewe pale tu mgonjwa anaporidhia, mahakama au sheria inapoagiza, au kunyamaza kunapohatarisha afya ya umma. Mume, mzazi wa mtu mzima na mwajiri hawamo katika orodha hiyo, hata kama ndio waliolipa.

Madaktari wengi wanayajua haya vizuri. Siri huponyoka mapema zaidi, kwenye meza ya mapokezi. Karani anauliza, “Una shida gani?” huku benchi limejaa. Msichana aliyekuja kwa sindano ya kupanga uzazi anaona shangazi wa rafiki yake ameketi pale, anajibu, “Kichwa,” na neno hilo linaandikwa kwenye kadi. Akiingia ndani anaona haya kuibadili kauli, anapimwa malaria, na kurudi nyumbani bila alichofuata. Kuna pia daftari la wagonjwa lililoachwa wazi kaunta, ambapo kila anayejiandikisha anasoma majina na magonjwa ya waliomtangulia. Ukuta wa mbao usiofika darini. Na sauti ya kutoka maabara inayotaja jina pamoja na kipimo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi kurekebishwa. Mgonjwa anaweza kuitwa kwa namba, sababu ya kuja kwake ikaulizwa mlango ukiwa umefungwa, na daftari likakaa upande wa karani. Kliniki isiyofanya hata hayo imeamua kutojali.

Kuhusu VVU, sheria ni kali zaidi. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kumpima mtu kwa lazima na kutangaza majibu yake, na ilianzisha baraza maalumu la kusikiliza malalamiko. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo la rais la mwaka uliotangulia, la kukusanya majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi, lilikiuka Katiba.

Rekodi za matibabu zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mgonjwa ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kutaka kosa lisahihishwe. Picha ya kidonda iliyopigwa kwa simu ya nesi na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp ni data ya afya sawasawa na faili lililo kabatini.

Ridhaa nayo si saini tu. Mgonjwa anapaswa kuelezwa faida, hatari, gharama na njia nyingine zilizopo, kisha aamue. Anapochunguzwa sehemu za siri, maadili mema ya kazi yanataka aelezwe kwanza na aruhusiwe kuwa na mtu anayemwamini chumbani. Wala deni si sababu ya kumzuilia mtu: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa kulikiuka haki zao.

Mgonjwa naye ana wajibu wa kusema ukweli kuhusu hali yake, kufuata taratibu za kituo na kuwaheshimu wahudumu. Mhudumu anaweza kukataa kumtibu anayemtukana au kumsumbua kimapenzi, isipokuwa katika dharura.

Malalamiko huanzia kwa msimamizi wa kliniki, ambaye sheria inamtaka aweke wazi utaratibu wa kuyapokea. Yasipotatuliwa, inafaa kujua kwanza nani alihudumu, kwani mtaani kila mwenye koti jeupe huitwa daktari. Madaktari husimamiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linaloweza kuwafuta kwenye sajili. Maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao. Uvujaji wa rekodi hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kukamilisha uchunguzi. Risiti, kadi ya kliniki na tarehe ya tukio ni vya kuhifadhiwa tangu siku ya kwanza.