Mti wa Bunduki

Chuma cha bunduki huzeeka kwa kutu. Mti wake huzeeka kwa mtu. Kasiba iliyopakwa mafuta inaweza kukaa miaka 80 ikatoka inang'aa kama ya jana. Mti hauwezi. Umeshikwa na viganja vyenye jasho, umeegemezwa shavuni, umebwagwa juu ya mawe, umenyeshewa ukakaushwa karibu na moto. Kila tukio limeacha kovu lake. Anayetaka kuufanya mpya ndiye anayechagua kovu lipi libaki na lipi litoweke, na uchaguzi huo huufanya kwa msasa, kitu kisichorudisha kilichokula.

Neno msasa lenyewe lina historia. Karatasi tunayoinunua dukani imerithi jina la mti wa msasa, ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi haijafika. Kiswahili kimehifadhi pia gobore zima, kipande kwa kipande: kasiba, mtambo, kitako, fataki, na mdeki wa kushindilia baruti. Lugha haipati maneno hayo kwa kusikia habari za bunduki kwa mbali. Katika karne ya 19 bunduki ziliingia bara kutoka Unguja na miji ya mrima pamoja na vitambaa na shanga, na kwa malipo yake pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia uuzaji wa bunduki za kisasa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, yakaacha mlango wazi kwa magobore ya mtindo wa zamani. Gobore lililokuwapo likalazimika kuishi muda mrefu. Shingo ya kitako ikipasuka, fundi aliizungushia ngozi mbichi akaishona. Ngozi ikikauka hujikunja na kubana ufa kama jiliwa.

Mimi hukarabati samani za zamani katika chumba cha chini cha nyumba yangu, karibu na Toronto. Jirani yangu, mzee mstaafu, aliposikia kazi yangu aliniletea vipande vinne vya mbao vimefungwa kwenye blanketi: kitako, mti mrefu wa mbele unaobeba kasiba, na vifuniko viwili vya kukinga mkono usiungue. Vilikuwa vya Lee-Enfield Nambari 4 iliyoachwa na marehemu baba yake. Chuma kilibaki kwake, ndani ya kabati lenye kufuli. Mti wa mbele ulikuwa na ufa upande wa nyuma, kitako kilikuwa cheusi kwa mafuta na uchafu, na mzee alitaka vyote ving'ae. Nilikubali upesi, kwa kuwa babu yangu mzaa mama alibeba bunduki ya ukoo huohuo.

Hiyo ya jirani ilitengenezwa Long Branch, kwenye ufuo wa Ziwa Ontario, katika kiwanda cha kampuni ya serikali ya Kanada iliyoundwa mwaka 1940 kwa jina la Small Arms Limited. Kiwanda hicho kilitoa zaidi ya bunduki 900,000 za aina hiyo, na wafanyakazi wake wengi wakati wa vita walikuwa wanawake. Jengo la ukaguzi bado limesimama Mississauga. Siku hizi ni ukumbi wa sanaa. Nilipofuta uchafu kwa kitambaa chenye spiriti, alama ya kwanza kutokea kwenye mti ilikuwa herufi C yenye kishale katikati yake, muhuri wa mali ya serikali ya Kanada.

Alama ya pili ilikuwa herufi S. Vitako vya Lee-Enfield vilitengenezwa kwa urefu tofauti: L kwa kirefu, S kwa kifupi, B kwa kile cha askari wafupi zaidi. Jeshi, ambalo huvisha watu elfu sare moja na kuwaita kwa namba, lilikubali hapo kwamba mikono ya watu hailingani. Mtu aliyepewa bunduki hii mara ya kwanza alikuwa na mikono mifupi, au alivaa koti nene la baridi. Herufi moja kwenye mti imehifadhi kipimo cha mwili wake.

Kukarabati mti wa bunduki nyumbani ni kazi ya subira kuliko ya nguvu, na hatua ya kwanza ni kujua namna ulivyofungwa. Kitako cha Lee-Enfield kimeshikwa na bolti ndefu inayopita ndani yake, na hufunguliwa kwa bisibisi ndefu kupitia tundu lililo nyuma, chini ya bamba la chuma. Katika aina iliyotangulia, ile ya Vita Kuu ya Kwanza, ncha ya bolti hiyo ina umbo la mraba na hukaa ndani ya bamba dogo lililo kwenye mti wa mbele. Anayeizungusha kabla ya kuutoa mti wa mbele huupasua kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya kusafisha huja mibonyeo. Unaweka kitambaa kibichi juu ya mbonyeo, unagusisha pasi ya moto, na mvuke unaingia kwenye nyuzi za mti zilizolala. Nyuzi hunywa maji, huvimba, huinuka. Kazi hiyo hurudiwa mara tatu au nne, na mbonyeo uliodumu tangu enzi ya vita huinuka jikoni kwako katika dakika chache. Lakini mvuke huinua kilichobonyea tu. Nyuzi zilizokatwa hazirudi; pale hubaki kutia kiraka, au kuacha.

Ufa wa mti wa mbele niliusafisha hadi mafuta yakaisha, kwa sababu gundi haishiki palipo na mafuta. Nikaujaza gundi, nikaubana usiku kucha, kisha nikapitisha kijiti chembamba cha mti uleule kuvuka ufa. Hapo si mahali pa urembo. Bunduki ikilia, chuma husukuma nyuma na mti hupokea msukumo; mti usipokaa sawasawa dhidi ya chuma, ufa hurudi. India walilijua jambo hilo vizuri. Kiwanda cha Ishapore kiliongeza parafujo inayopita mti wa mbele kwa upana ili usipasuke, na hadi leo parafujo hiyo huwatambulisha wakusanyaji kwamba bunduki imepita huko.

Mwisho ni mafuta ya kitani, yaleyale ambayo askari waliamriwa kuyapaka. Hupakwa kidogo, yakasuguliwa kwa kiganja hadi kiganja kipate joto, kisha yakaachwa. Hayakauki kama maji yanavyokauka. Hunyonya hewa na kugeuka utando mgumu, na yanapofanya hivyo hutoa joto. Ndiyo maana kitambaa kilichotumika hakifai kufinyangwa na kutupwa kapuni, maana huweza kujiwasha chenyewe usiku watu wamelala. Mimi huvitandaza nje juu ya zege mpaka vikauke kabisa. Vanishi ingeng'aa zaidi na kwa haraka zaidi, lakini vanishi hukaa juu ya mti, na Lee-Enfield haikutoka kiwandani ikiwa imevaa kioo.

Kabla ya mafuta, hata hivyo, palikuwa na jambo ambalo mzee alilisema mwisho, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Chini ya kitako, karibu na kitanzi cha mkanda, kulikuwa na vikato vitano vilivyopangwa sawasawa, kila kimoja urefu wa ukucha. Alitaka viondoke.

Baba yake alipigana Uholanzi mwaka 1945. Bunduki aliyopigana nayo aliirudisha jeshini kama wenzake wote, na hii aliinunua dukani miaka ya 1950, wakati silaha zilizobaki za vita zilipouzwa kwa bei ndogo na wawindaji wengi wakakata miti yao ya mbele ili ziwe nyepesi kwa kuwinda paa. Kwa hiyo vikato vile vingeweza kuwa paa watano wa baba yake, au watu watano wa mtu mwingine. Mzee aliviona tangu utotoni na hakuwahi kuuliza. Sasa mjukuu wake wa miaka tisa ameuliza.

Kuviondoa kulikuwa rahisi: msasa mkavu, nusu saa. Kitako kingepungua unene wa karatasi chache na hakuna ambaye angejua. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba ningependa asiniagize, kwa kuwa atakayekuja baada yake hataweza kuuliza tena. Hakujibu. Baada ya wiki moja alinipigia simu akauliza kama ipo njia ya kuvificha bila kuviua. Ipo. Niliyeyusha nta ya nyuki, nikaitia rangi mpaka ikafanana na mti, nikaijaza kwenye vikato na kuisawazisha. Havionekani. Siku yoyote mtu akitaka kuviona, kitambaa cha vuguvugu kitamwonyesha.

Babu hakuacha kikato hata kimoja, kwa sababu hakuachiwa kitako. Alikuwa Keya, jina ambalo Kiswahili kililifinyanga kutokana na herufi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Lee-Enfield zilifika mikononi mwa askari weusi wa kwetu kwa zaidi ya njia moja. Novemba 1914, baada ya Waingereza kushindwa Tanga, askari wa Wajerumani waliokota uwanjani bunduki 455 na bunduki za rashasha 16. Wengi wao walikuwa bado wanabeba Mauser za mwaka 1871, ambazo zilitoa wingu la moshi kila zilipolia na kumwonyesha adui mahali pa kupiga. Waliotupa silaha na waliookota walikuwa wageni kwa wageni, lakini mti ule ulitulia begani pa hawa kama ulivyotulia begani pa wale.

Babu yeye alikwenda Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akashuka bonde la Kabaw kwenye mvua ya masika ya huko hadi mto Chindwin. Alilipwa chini ya Mzungu aliyepigana kando yake. Katika habari zake za vita, risasi zilikuwa chache na mafuta ya kitani mengi: sajini alipitisha kidole kwenye mti wa kila bunduki, na aliyekutwa na mti mkavu alikosa chai. Alirudi na koti la jeshi na kopo la tumbaku. Bunduki aliikabidhi bohari, akatia kidole gumba kwenye daftari.

Kazi ya fundi wa bohari ndiyo hiyo niliyoieleza hapa. Husafisha, huinua mibonyeo, huziba nyufa, hupaka mafuta, kisha mti hupewa kuruta anayefuata. Haukupita muongo vikosi vya Keya vikapelekwa na Lee-Enfield kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kuwawinda Mau Mau. Mti uliosawazishwa vizuri haukumwambia kuruta yule ni nani aliyeubeba kabla yake, wala alilipwa nini, wala aliahidiwa nini.

Dar es Salaam, katikati ya Mtaa wa Samora, amesimama askari wa shaba aliyezinduliwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Watu humwangalia uso na singe. Mimi huangalia kitako. Ni laini, hakina mbonyeo, hakina ufa wala doa la jasho la mtu yeyote.