Uzi: Koili, kura za Mlima na hofu ya zamani

Kampeni zikikaribia huku kwetu kati ya Ruiru na Thika, lazima mtu ashike maikrofoni aseme ati koili zinamaliza kura za Mlima. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, hebu tuipitie kihistoria.

Kenya ilianza mpango wa uzazi wa kitaifa mwaka 1967, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Koili iliyovuma duniani wakati huo ilikuwa Lippes Loop, plastiki tupu. Shaba ililetwa na daktari wa Chile, Jaime Zipper, akishirikiana na Howard Tatum wa Marekani aliyebuni umbo la T.

Kisha ikaja Dalkon Shield, na hapo ndipo mambo yaliharibika. Iliuzwa Marekani 1971 hadi 1974. Uzi wake ulikuwa wa nyuzi nyingi nyembamba, ukafanya kazi kama utambi: vijidudu vikapanda hadi kwenye mfuko wa uzazi. Wanawake wakaugua, wengine wakawa tasa, wengine wakafa. Na shirika la misaada la Marekani lilikuwa limeshazinunua kwa bei nafuu na kuzisambaza nchi maskini. Kwa hivyo shosho akikwambia koili iliharibu watu, usimcheke.

Lakini za leo si hiyo. TCu380A, iliyoidhinishwa Marekani 1984, ina milimita mraba 380 za shaba, kwenye shina na mikono ya T, na hukaa miaka 10. Multiload 375 ina shaba kwenye shina pekee, mikono yake hupindika, na hukaa miaka 5. Zote hazina homoni. Shaba huzizuia mbegu za mwanamume. Ubaya wake ni hedhi nzito na maumivu, hasa miezi ya kwanza. Ikitolewa, mimba inaweza kushika. Sasa njama gani hiyo ya kumaliza kabila, inayotolewa na muuguzi kwa dakika chache?

Uzazi ulishuka nchi nzima, kutoka watoto 8 hivi kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022. Mlima umeshuka zaidi, ni kweli. Lakini ulizia kodi ya nyumba Ruiru kwanza, ama karo.

Swali ninalotaka kusikia mkutanoni ni lingine. Wafadhili ndio wamekuwa wakinunua sehemu kubwa ya vifaa hivi, na USAID ilifungwa 2025. Mheshimiwa, serikali imetenga pesa ngapi?